Sura ya Kuazima

Zilikuwa zimebaki saa tatu tutue Dar es Salaam, na kwenye kishikwambi changu kulikuwa na kidoti kimoja tu cha njano. Nilishukuru. Kuna safari niliwahi kuwa navyo vitatu kwa mkupuo, na siku ya vitatu hata chai haishuki.

Mimi ni mhudumu wa ndege, daraja la mbele, viti ishirini na vinne. Zamani kazi hii ilikuwa chakula, blanketi na kumbembeleza mtu afunge mkanda. Siku hizi ni kulinda vioo. Kila kiti cha mbele kimezungukwa na kioo kinachomzidi urefu mtu aliyesimama, kina mlango wa kuteleza upande wa ujia, na abiria akishajifungia humo ana chumba chake. Akitaka kuona wenzake, kioo kinakuwa kiangavu. Asipotaka, kinageuka cheupe kama tui la nazi, na hata mimi niliyesimama hatua moja tu simwoni. Kinachofanya kazi hiyo ni utandu mwembamba uliobanwa katikati ya tabaka mbili. Umeme ukipita, chembe za ule utandu zinajipanga na mwanga unapenya. Umeme ukikatwa zinatawanyika na mwanga unakwama. Mafundi wetu wa karakana wanasema ni kitu rahisi kuliko pasi.

Kwa upande wa ndani, kioo hicho hicho ndiyo sinema, ndiyo redio, ndiyo simu. Ukipigiwa kutoka nyumbani, anayekupigia anatokea mbele yako kwa ukubwa wake halisi, unamwona mpaka kucha. Mlango ukiwa umefungwa, sauti haitoki.

Kwenye kishikwambi kila kiti ni kidoti. Kidoti kikiwa kijivu, abiria hana simu. Kikiwa kijani, anaongea na mtu. Kikiwa njano, anaongea na sura ya kuazima. Hizo sura ndizo zilizonipa mshahara mzuri na usingizi mbaya.

Kwetu mtu hapewi habari ya msiba kwa simu. Anaambiwa mama anaumwa kidogo, jitahidi uje. Anapanda gari, anafika, anakuta turubai limefungwa uani, wakubwa wanamkalisha chini, ndipo anaambiwa. Vioo vilipoingia kwenye ndege utaratibu huo ukaanza kushindikana. Abiria anakaa saa kumi na moja mbele ya simu kubwa kama ukuta. Anampigia marehemu, hapokelewi. Anawapigia ndugu, wanatokea na macho mekundu, ukubwa halisi. Watu wakawa wanapata habari angani, peke yao, wamefungiwa. Mmoja alipiga mlango kichwa mpaka ukapasuka.

Ndipo shirika letu la Upeo likaja na Huduma ya Sitara. Ndugu watatu wa damu wa abiria wanaweka dole gumba, wanatoa picha za marehemu, sauti yake na meseji zake za miaka, na mtambo unatengeneza sura yake. Abiria akimpigia, anapokea. Anasema hajambo, ni mafua tu. Anajua jina la mbuzi wenu na ugomvi wenu wa Pasaka iliyopita. Anakaa na msafiri mpaka ndege inatua, halafu wakubwa wanamaliza kazi yao nyumbani kama zamani. Ni halali kabisa. Kwenye fomu ya tiketi kuna kisanduku kinachosema: Naridhia ndugu zangu wanitunzie habari nikiwa safarini. Karibu kila abiria anakiwekea alama, kwa sababu kila mtu anadhani kinamhusu mwingine.

Haukupita mwaka watu wote wakawa wanajua sitara ipo, na wakaanza kutuuliza sisi wahudumu. Kwa hiyo tuna kanuni ambayo ukiivunja unarudisha kitambulisho siku hiyo hiyo. Abiria akiuliza kama anayemwona ni wa kweli au wa kuazima, humjibu ndiyo wala hapana. Unamwambia, "Sioni kilichomo kwenye kioo chako." Ukimthibitishia mmoja tu kwamba wake ni wa kweli, wote utakaokataa kuwathibitishia watakuwa wameshajua.

*

Kidoti changu cha njano siku hiyo kilikuwa kiti 4D. Abiria aliitwa Elinami Msuya, miaka hamsini na minane, mwuza vipuri vya mashine za kusaga, anatoka Guangzhou anarudi Same. Faili lake lilikuwa na mistari mitatu. Mke, ajali ya gari, jana jioni. Abiria ana presha. Ameambiwa mke amevunjika mkono.

Alibonyeza kengele, nikaenda. Mlango wake ulikuwa wazi na uso umemkunjuka. Mbele yake kwenye kioo alikaa mwanamke mnene wa kitenge cha kijani, mkono umefungwa plasta na kuning'inizwa shingoni. Mtambo ulikuwa umemfunga ile plasta vizuri kuliko hospitali nyingi ninazozijua.

"Binti, nina shida ya chai," akasema. "Halafu msalimie mama Nakunda, mwenzio kavunjika mkono lakini mdomo mzima."

Miaka minne ya kazi, na hilo lilikuwa halijawahi kunitokea. Abiria wengi hujifungia. Huyu alikuwa ananikaribisha kwake.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu," ile sura ikaitikia. "Mpe chai, ila usimpe sukari. Atakuambia daktari kamruhusu. Hakuna daktari wa hivyo."

"Kijiko kimoja tu," akasema mzee Elinami.

"Hata nusu. Binti, nakutegemea."

Nikacheka. Nilicheka kweli, na hilo ndilo lililoniudhi nilipokuwa narudi jikoni. Nilimpelekea chai bila sukari. Akaipokea kwa kununa kwa utani, akamwambia mkewe kwamba sasa ameanza kuwatuma wahudumu wa ndege wamsumbue, na mkewe akacheka huku ameushika ule mkono wa plasta. Mlango akauacha wazi kidogo, upana wa kiganja. Sikuufunga, maana hakuomba.

*

Ng'ambo ya ujia, kiti 4A, alikuwa Leokadia Komba. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mfupi, mwenye miwani, anayenunua mapazia China na kuyauza Songea. Tangu tunaondoka alikuwa amekiacha kioo cheupe. Chakula hakugusa. Huyu hakuwa na faili la Sitara; ndugu zake hawakuomba kitu.

Kidoti chake kikageuka kijani, kikakaa sekunde ishirini, kikarudi kijivu. Baada ya dakika mbili kikawa kijani tena, na safari hii hakikumaliza hata sekunde tano. Mara ya tatu hakupokea kabisa. Halafu akanibonyezea kengele.

"Mdogo wangu," akasema nilipofungua, "naomba unizimie hii simu. Isiniite tena mpaka tufike."

"Naweza, dada. Lakini kuna tatizo?"

"Mama yangu amefariki." Alilisema kikavu, kama anamtajia mteja rangi iliyokwisha dukani. "Jana dada yangu Theodora kanipigia, kaniambia mama anaumwa kidogo, njoo. Mimi mwenyewe nimeshawaambia watu wawili maneno hayo hayo. Nayajua. Sasa wamenitumia hiyo sura yenu inipigie."

"Umeiona?"

"Nimeiona. Imelala kitandani, inahema kama mama, imevaa kilemba cha mama. Ikaniita mwanangu mpenzi." Akavua miwani akaifuta na khanga. "Mama yangu hajaniita mpenzi tangu anizae. Ananiita Leokadia. Akikasirika ananiita kwa jina la baba yangu, we Komba, utadhani mimi ni askari wake. Hapo mtambo wenu umekosea."

Nilikuwa nimekishika kishikwambi kifuani. Simu zote tatu zilikuwa zimeandikwa pale, na zote zilikuwa za kijani. Mtu aliyekuwa anampigia alikuwa mama yake, mgonjwa, na aliyekuwa anamwita mpenzi alikuwa mama yake.

Ningeweza kusema neno moja. Nikasema lile nililofundishwa.

"Sioni kilichomo kwenye kioo chako."

"Najua," akasema. "Siwalaumu. Niache nilie kidogo."

Kioo kikawa cheupe.

*

Haikupita robo saa, ujumbe ukaingia kwenye namba ya wahudumu, ile ambayo ndugu hupewa kwa dharura. Nauandika kama ulivyokuwa.

"Mimi ni Theodora, dada wa Leokadia Komba wa 4A. Mama yuko hai. Madaktari wanataka kumwekea mpira wa kupumulia. Wamesema akiwekewa hataweza kuongea na huenda asiamke tena. Amekataa mpaka aongee na Leokadia. Tumepewa nusu saa. Tafadhali mwambieni apokee simu, ni mama kweli."

Nikaenda jikoni kwa Kokugonza, mkuu wetu wa wahudumu. Tunamwita Dada Koku. Ana miaka ishirini na miwili angani, na hajawahi kunisemesha vibaya mbele ya abiria. Akausoma ujumbe mara mbili.

"Wamwonyeshe daktari," akasema. "Wamwonyeshe wodi."

"Mtambo unatengeneza madaktari, dada. Unatengeneza na wodi."

"Amuulize mama yake kitu cha siri."

"Atasema walikitoa wao. Chochote kitakachotokea kwenye kile kioo hatakiamini. Imebaki mtu wa humu ndani amwambie."

Dada Koku akaweka birika chini. "Ni kweli. Ndiyo maana kuna kanuni. Sasa nisikilize, mdogo wangu Tumsifu. Ukimwambia huyu, kesho Songea nzima inajua: ukiwa na wasiwasi muulize mhudumu, uliyemwona akiwa wa kweli atakuambia. Kuanzia hapo kila tutakayemwambia 'sioni' tumempa msiba. Angani, hana hata mtu wa kumkamata asianguke. Una mmoja hapo 4D mwenye presha. Akidondoka utamfufua wewe?"

"Mlango ukifungwa hasikii."

"Leo. Na wa kesho?"

"Na huyu wa 4A je? Mama yake kakataa matibabu anamsubiri. Akifika akiambiwa alikuwa hai, alikupigia mara tatu ukamkatia, atakaa vipi na hilo?"

"Atakaa nalo vibaya," akasema Dada Koku. "Sikatai."

Saa ya jikoni ilionyesha kwamba katika ile nusu saa zimebaki dakika kumi na tisa. Niliona anatafuta namna ya kunikataza na haipati, na mimi nilikuwa natafuta namna ya kuruhusiwa, sikuipata pia.

"Sikukatazi," akasema mwisho. "Na sikuruhusu. Ukifanya, nitaandika nilichokiona, jina lako na saa. Sitaongeza wala kupunguza."

Nikamwambia asante, na nilimaanisha. Niliogopa kupoteza kazi, tusidanganyane. Nina mama Usa River anayekula kwa mshahara huu. Lakini zaidi nilimwogopa yule mzee wa chai bila sukari.

*

Nikagonga kioo cha 4A. "Hodi."

Nikagonga tena.

"Hodi, dada Leokadia."

Nikafungua kwa ufunguo wa wahudumu. Alikuwa amejikunja amegeukia dirishani, khanga usoni. Hakusema karibu. Mtu asipokukaribisha chumbani kwake, na yuko kwenye kilio, huingii; kwa hiyo nikabaki nimepiga goti pale pale mlangoni, nusu ya mwili ikiwa kwenye ujia, na mlango nyuma yangu umeachama. Ningeingia tu na kufunga, hata kwa utovu wa adabu, mambo mengine yasingetokea. Nimeliwaza hilo mara nyingi. Kwa wakati ule halikunijia hata kidogo.

"Dada, naomba unisikilize. Simu zile tatu nimeziona kwenye orodha. Hazikuwa za mtambo. Huna sitara. Ndugu zako hawakuomba."

Akatoa khanga usoni. "Mmekatazwa kusema."

"Ndiyo, tumekatazwa."

"Sasa kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu ni yeye. Ni mama yako, yuko hai, nakuapia. Wanataka kumwekea mpira wa kupumulia na hataongea tena. Anakusubiri wewe. Zimebaki dakika kumi na tano."

Alinitazama usoni muda mrefu, kama mtu anayekagua noti dirishani kwa mwanga. Halafu kioo kikalia. Leokadia akavaa miwani, akajiweka sawa kilemba, akapokea. Nilimwona mwanamke mkongwe kitandani, na mkono wa mtu mwingine umemshikia simu. Nikafunga mlango nikageuka.

Mlango wa 4D ulikuwa wazi upana ule ule wa kiganja. Mzee Elinami alikuwa ameshika kikombe, hanywi, ananitazama. Nyuma yake mkewe alikuwa anaendelea na habari ya jirani aliyejenga uzio kwenye njia. Mzee akauvuta mlango taratibu mpaka ukafunga, na kioo kikageuka cheupe.

Kidoti cha 4A kilikaa kijani dakika kumi na moja. Kilipozima nilimpa muda, kisha nikaenda. Macho yalikuwa yamevimba, ila mabega yalikuwa yameshuka.

"Wamemwekea," akasema. "Nimemwambia nilikata kwa sababu nilidhani amekufa. Amenifokea, mdogo wangu. Hana pumzi, lakini amenifokea. We Komba, umenizika na mimi nimelala hapa." Akacheka, kilio kikamkatisha, akanishika mkono. "Amesema akina nani watagawana sufuria zake. Amesema nisigombane na Theodora. Yote amesema."

Nikamletea maji. Alipoyanywa ndipo nilipojua kwamba sijutii, na kwamba hilo halinisaidii lolote kwa upande wa pili wa ujia.

*

Kwa saa nzima kidoti cha 4D kilikuwa njano. Nilipita mara nane, nikijifanya nakusanya vikombe. Kioo kilikuwa cheupe. Hakubonyeza kengele na sikupata sababu ya kugonga. Nilijiambia huenda hakusikia. Nilijiambia wazee wengi masikio mazito. Dada Koku alikuwa ameshaandika taarifa yake, akanionyesha nisome. Ilikuwa mistari minne na kila mstari ulikuwa kweli.

Rubani alipotangaza kwamba tunaanza kushuka, kengele ya 4D ikalia.

Alinifungulia mwenyewe. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kioo vile vile, plasta, kitenge cha kijani. "Mama Nakunda," mzee akamwambia, "subiri kidogo, nina neno na mhudumu."

"Haya," ile sura ikasema.

Akasogea mpaka kwenye kizingiti na kuteremsha sauti ili mkewe asisikie. Hilo lilinichoma kuliko kitu kingine chochote siku hiyo.

"Yule mama wa pale," akasema. "Nilisikia ulivyomwambia."

"Nisamehe, baba. Ilikuwa kosa langu kuacha mlango."

"Sijakuita nikulaumu. Nimekuita na mimi uniambie hivyo hivyo. Maneno yale yale. Ni yeye, yuko hai, nakuapia." Alikuwa ameshika ukingo wa mlango kwa mikono miwili. "Ukishasema, mimi nakaa zangu nafunga mkanda."

Ningeweza kusema. Hakuna kanuni iliyobaki ya kuogopa, maana kazi nilishaipoteza, na ndugu zake watatu walikuwa wameweka dole gumba ili asikie maneno hayo hayo. Alikuwa na presha. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini na tano tu na hapo chini kulikuwa na watu wa kumpokea. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini nilikuwa nimemwapia mwenzake saa moja kabla, na uongo ule haukutoka.

Nilikaa kimya kama mtu anavyovuta pumzi tatu. Zilimtosha.

"Hakuvunjika mkono," akasema.

"Baba, sioni—"

"Usiniambie hayo, mwanangu. Tafadhali."

Akarudi kitini, akakaa. Hakupiga kelele. Alitazama viatu vyake. Kwenye kipaza sauti Dada Koku akatangaza wahudumu wote tukae kwenye viti vyetu tufunge mikanda. Kiti changu kilikuwa mbele kabisa, karibu na mlango wa ndege.

Baba yangu alipofariki nilikuwa chuo, Dodoma. Niliambiwa anaumwa kidogo. Kwenye basi la kwenda Arusha nikamkuta baba mdogo amekaa kiti cha jirani, akasema na yeye ana safari zake, ni bahati tu. Saa zote zile alininunulia mahindi, soda, akanipisha dirishani. Tulipofika nyumbani na wakubwa wakaanza kusema, nilijikuta mkono wangu uko ndani ya mkono wake na sikujua ameushika tangu wapi. Sitara yetu haikuuza hilo. Kwenye desturi ile ilichukua kuficha tu, ikamwacha mtu na kioo.

Nikaingia. Nikavuta mlango nyuma yangu ukafunga, nikakaa kwenye kiti kidogo cha kuwekea miguu, kina mkanda wake, nikaufunga. Nikamshika mzee Elinami mikono yote miwili. Ilikuwa baridi. Nikaanza kumhesabia pumzi polepole kama tulivyofundishwa kwa watu wa presha, ndani, nje, na akanifuata. Machozi yalikuwa yanadondokea kwenye vidole vyangu. Dada Koku alinipigia kwenye kifaa cha sikioni mara moja, kisha hakupiga tena.

Masikio yaliziba kwa kushuka. Mzee alikuwa ananishika kwa nguvu mpaka pete yake inaniuma, nikamwacha.

"Baba Nakunda," ile sura ikaita kutoka kwenye kioo. Ilikuwa imengoja kama ilivyoambiwa, sasa ilikuwa imeinamisha kichwa upande, inamchungulia. "Mbona umenyamaza? Kuna nini?"

Nikanyoosha mkono nimzime. Mzee akaukamata mkono wangu, akaurudisha chini.

Akajifuta uso kwa mkono wa shati, mara mbili, upande huu na upande huu. Akakaa wima, akajikohoza mpaka sauti ikatengemaa, akamtazama mkewe.

"Hamna kitu, mama Nakunda," akasema. "Nimechoka na safari tu. Wewe pumzika, nikifika tutaongea."